Sofa ya Bibi Bertha wa Soni

Jumanne, 1 Julai

Baridi ya kukata masikio. Ukungu umelala juu ya Lushoto tangu alfajiri, mtu wa ng'ambo ya barabara humwoni mpaka akohoe. Nimefungua duka, nikawasha redio sita kwa pamoja nipate joto. Hakuna mteja.

Asha bado yuko Tanga. Alikwenda kumlea binti yetu Hidaya, aliyejifungua. Arobaini ya mtoto imepita siku ishirini na tatu. Si kwamba nahesabu. Siku anaondoka alisimama katikati ya sebule, begi mkononi, akatazama huku na huku, akasema, "Baba Hidaya, nyumba hii haina hata mahali pa mtu kukaa." Akatoka.

Nimelitafuna neno hilo siku sitini na tatu. Leo nimelielewa. Mke wangu anataka kiti!

Nimelielewa baada ya kukiona chenyewe. Adhuhuri niliitwa Soni kutengeneza redio ya Bibi Bertha, mjane wa miaka sabini na minane. Kwao ni Kilimanjaro, lakini amezeekea huku tangu mumewe, marehemu Benedikto, alipokuwa dereva kwenye mashamba ya chai upande wa Bumbuli. Redio haikuwa na kosa. Betri zimeoza tu. Nikainua kichwa. Nikaiona.

Sofa. Ya watu wawili. Mbao nyeusi yenye wekundu ndani yake, kama chai ya rangi kwenye glasi. Ngozi ya kahawia, imelainika kama shavu la bibi. Miguu myembamba iliyochongoka kwenda chini, utadhani itatimua mbio ukipiga chafya. Hakuna msumari hata mmoja unaoonekana! Chini kuna kibati: Milano, 1958. Bibi alisema ilikuwa ya mhandisi wa Kitaliano, Bwana Renzo, aliyekuja kufunga mitambo ya chai. Benedikto alimwendesha miaka saba. Mzungu alipoondoka akamwachia dereva wake sofa.

Nikaomba kukaa. Akasema hapana. Akanionyesha kigoda.

Nikakaa kwenye kigoda nikiitazama. Nikamwona Asha pale. Upande wa kushoto, miguu ameikunja chini yake kama anavyofanya akidhani hakuna anayemwona.

Na sasa habari tamu: mwisho wa mwezi huu mwanawe Eliaichi anakuja kumchukua Bibi akaishi naye Moshi. Nyumba ya Eliaichi imejaa makochi. Sofa haiendi. Lazima ibaki na mtu.

Mtu huyo ni mimi.


Alhamisi, 3 Julai

Mpango wa kwanza: kuidharau. Mtu akisikia kitu chake ni takataka, atakushukuru ukimwondolea. Rahisi.

Nimepanda bodaboda mpaka Soni. Nimemwamkia Bibi Bertha vizuri, shikamoo mbili, moja ya mlangoni na moja ya ndani. Kisha nikaizunguka sofa nikitikisa kichwa. Nikasema mbao imeshaliwa. Nikasema ngozi imechoka. Nikasema kwa huruma kwamba niko tayari kuja kumwondolea mzigo huo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusaidia wazee.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema amefurahi kusikia kuwa napenda kusaidia wazee. Akanipa shoka.

Nimepasua kuni mpaka saa saba. Kisha nikabeba matenga mawili ya mapeasi kuyashusha barabarani. Kisha nikazibua mfereji. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akasema, "Karibu tena, mwanangu, wewe ni msaada." Kiganja kina malengelenge manne.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Alipokwenda jikoni nilipima kwa kamba. Itaenea sebuleni kwangu nikihamisha televisheni nne za wateja, lile jokofu, na cherehani zisizo na vichwa. Ina kasoro moja: kuna mabonde mawili kwenye ngozi. La kulia ni la Bibi, ndipo anapokaa. La kushoto ni kubwa zaidi na hakuna anayekaa hapo. Mikanda ya chini imelegea, bila shaka. Nitaikaza.

Nimepika bada ya muhogo. Imeungua. Nimekula nimesimama, kwa kuwa kiti cha mezani kina redio ya mwalimu wa Ubiri.


Jumamosi, 5 Julai

Mpango wa pili: kunguni!

Sijui kwa nini sikuanza na huu. Nimefika Soni na sura ya msiba. Nimemwambia Bibi Bertha nimesikia habari redioni (uongo) kwamba ngozi za zamani za Ulaya zina kunguni wa aina yake. Wanalala miaka sitini, wakipata joto wanaamka. Nikasema mzee mmoja wa Korogwe aliamka hana nyusi.

Bibi alitazama sofa yake kwa hofu. Nikaona midomo inatetemeka. Niliona aibu kidogo. Kidogo sana. Nikasema kwa upole kwamba mimi sina shida na kunguni, ngozi yangu chungu, na ninaweza kuja na mkokoteni wakati wowote. Akasema ataliangalia jambo hilo.

Ataliangalia! Nimeimba njia nzima. Dereva wa bodaboda aliniomba ninyamaze kwenye kona.

Nimewaza kumpigia Asha. Nimeshika simu. Ningemwambia nini? Kwamba nakaribia kupata kitu ambacho siwezi kumtajia? Nikampelekea ujumbe: "Hali ya hewa huku ni baridi." Akajibu: "Huku joto."

Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyostahili.


Jumatatu, 7 Julai

Msiba mkubwa. Sikukuu ya Saba Saba imeniharibikia.

Bibi Bertha kweli aliliangalia jambo. Aliita majirani wanne, wakaitoa sofa uani ikapigwe na jua, kwa kuwa leo ukungu uliondoka mapema. Akaifuta mbao kwa mafuta ya nazi. Akaifuta na ngozi. Saa nne ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na ua wa Bibi Bertha unatazamana na barabara ya Bumbuli! Mtu yeyote anayepita anaiona.

Na aliyepita ni nani? Kassimu.

Kassimu mwenye pikapu nyeupe. Kassimu mwenye loji njia ya Irente, anakolaza Wazungu wanaokuja kutazama mabonde. Kassimu aliyenishinda uenyekiti wa kamati ya maji kwa kura mbili, moja ikiwa ya shemeji yangu. Nilipofika alikuwa amechuchumaa mbele ya sofa, ameishika mguu kama daktari. Akaniambia hii ni vinteji. Nikamuuliza vinteji ni nini. Akacheka, akanipigapiga begani. Akasema wageni wake wakiiona watalia machozi.

Bibi Bertha akamwambia yale yale aliyoniambia mimi: sofa haiuzwi. Anatafuta wa kumwachia, na bado hajaamua. Kassimu akasema atakuja tena. Ana sauti nzuri, huyu mtu. Inakera.

Bibi akanishukuru sana kwa habari ya kunguni. Hakupatikana hata mmoja.


Jumatano, 9 Julai

Nimempata Kassimu mgahawani anakunywa supu. Nikakaa meza ya pili. Nikaongea na mwenye mgahawa, si na yeye, kwa sauti ya kawaida lakini iliyonyooka. Nikasema ajabu ya Wataliano, wanapenda mno nguruwe. Nyama wanakula, mafuta wanapikia, na ngozi hawaitupi. Wanafunikia viti.

Kijiko cha Kassimu kilisimama hewani.

Akanigeukia, akaniuliza nina hakika. Nikasema mimi si mtaalamu. Nikasema tu kwamba mtu wa heshima kama yeye, mwenye swala tano, angependa kujua wageni wanakaa juu ya nini. Akaacha supu. Akaondoka bila kuaga.

Ushindi! Nimeagiza supu na mimi. Nimeongeza ndimu.


Ijumaa, 11 Julai

Sikufikiria vizuri.

Baada ya sala ya Ijumaa watu watano walinifuata kiatu kikiwa bado mkononi. Wanaulizia kama ni kweli Yusufu fundi redio anataka kuleta ngozi ya nguruwe nyumbani kwake. Nikasema nani kasema. Wakasema Kassimu amesema kwamba mimi nimesema, na kwamba pamoja na kujua hivyo, bado kila siku naonekana Soni nikipasua kuni. Nilivaa viatu vibaya, cha kulia kushoto, nikaondoka hivyo hivyo.

Kisha saa kumi simu ikalia. Asha! Amepiga yeye! Mara ya kwanza kupiga yeye tangu arobaini iishe! Nilibonyeza mara mbili.

"Baba Hidaya," akasema, "nasikia unataka kuniletea nguruwe sebuleni."

Nikasema hapana, ni maneno ya watu. Akauliza ni kitu gani basi kinachonipeleka Soni. Nikasema ni kazi. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na mtu anatwanga kitu. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula sana. Akasema haya.

Simu imekatika. Dakika mbili na sekunde kumi. Ameuliza kama nakula. Nimekaa juu ya jokofu bovu mpaka jua likazama, nikilirudia swali hilo kwa sauti yake.

Lazima niisafishe hiyo sofa jina.


Jumatatu, 14 Julai

Nimempeleka Mzee Lusajo Soni. Ni fundi viatu pale karibu na stendi, mtu wa Mbeya, ameshika ngozi miaka hamsini, na hana ndugu huku wa kumpendelea. Habari zilishatangulia. Tulikuta watu kama ishirini uani, na Kassimu amesimama nyuma kabisa, amekunja mikono.

Mzee Lusajo hakuwa na haraka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainamisha uso akainusa sofa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaikuna kwa ukucha. Akaikunja pembeni akahesabu vinyweleo. Kisha akatangaza kwamba nguruwe vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu, na hapa havikukaa hivyo. "Huyu ni ng'ombe," akasema. "Tena ndama, na alilishwa vizuri."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Kassimu akapiga kuliko wote! Akaja mbele, akanishukuru hadharani kwa kumwondolea shaka, akasema sasa moyo wake mweupe na anaitaka sofa kuliko mwanzo.

Hamu hiyo nimempa mimi mwenyewe. Kwa gharama ya bodaboda yangu.

Hapo Bibi Bertha akasimama. Akasema amechoka na ugomvi kwenye ua wake. Hiki ni kiti cha watu wawili. Kila anayekitaka aje na mwenzake wa nyumbani, wakae wote pale, wanywe chai, na yeye atawatazama. Atakayemridhisha atakichukua.

Kassimu alitabasamu. Ana wake wawili.

Mimi nina mmoja. Yuko Tanga.


Jumatano, 16 Julai

Ningempigia Asha. Ni kweli. Lakini ningesema nini? "Rudi"? Mtu hawezi kusema hivyo tu kwenye simu, bila kiti. Kiti kwanza. Nikishakuwa nacho nitasema, "Mama Hidaya, njoo uone," naye atakuja, na hapatakuwa na haja ya maneno mengine.

Kwa hiyo nimemwendea binamu yangu Zakia, anayeuza karoti na kabichi sokoni. Nikamwomba awe mke wangu kwa muda wa chai moja. Akacheka mpaka akashika meza. Nikamwambia ni jambo zito. Akaacha kucheka, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili kisha kwa Kishambaa, nadhani ili awe na hakika nimesikia, kwa nini simpigii mwenyewe. Nikasema nina sababu zangu. Akasema atakuja, kwa sababu nimekonda.

Habari njema: Kassimu amejaribu leo na ameanguka! Nimeisikia kwa mwenye mgahawa. Alikwenda na wake zake wote wawili. Kwenye sofa ya watu wawili! Bi mkubwa akakaa, Kassimu akakaa. Bi mdogo akauliza yeye akae wapi. Kassimu akasimama ampishe, bi mkubwa akamvuta koti. Mwisho bi mdogo alirudi Lushoto kwa miguu, bi mkubwa akarudi kwa pikapu akiwa hasemi, na Kassimu inasemekana amelala kwenye loji yake mwenyewe kama mgeni.

Nimenyoa ndevu. Kesho ni siku yangu.


Alhamisi, 17 Julai

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Zakia alipendeza. Alivaa kanga mpya na alitembea nyuma yangu kwa adabu ambayo Asha hajawahi kuwa nayo. Tukapiga hodi. Bibi Bertha akafungua. Akamtazama Zakia. Akanitazama mimi. Akatukaribisha.

Tukakaa. Ndiyo! Nimekaa kwenye sofa! Mimi upande wa kulia, Zakia ukingoni kabisa kama mtu anayesubiri basi. Bibi akamimina chai. Akakata mkate. Akauliza kwa utulivu, "Zakia, mumeo hajambo? Ule mguu umepona?"

Zakia akajibu hajambo, mguu umepona, ahsante Mama. Kisha akaziba mdomo.

Bibi Bertha hununua karoti kwa Zakia kila wiki. Kwa miaka kumi na moja! Na Zakia hakuniambia! Baadaye alidai nilipokwenda sokoni nilisema tu "bibi mmoja wa Soni", na Soni ina mabibi wengi.

Zakia akaomba ruhusa akaondoka. Mimi nikasimama pia, lakini Bibi akasema, "Wewe kaa." Nikaelekea kigodani. Akasema, "Hapana. Hapo hapo." Akavuta kigoda akakaa yeye.

Nilingoja matusi. Hakunitukana. Aliniuliza mke wangu yuko wapi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi huu uanze nikasema ukweli. Nilisema yuko Tanga. Nilisema siku themanini kasoro moja. Nilisema aliyoyasema sebuleni. Katikati nilikohoa, nikasingizia mkate.

Ndipo akanisimulia. Mwaka sofa inakuja, mvua ilikata barabara ya Mombo. Benedikto na wenzake saba waliibeba mabegani kupanda mlima, Bwana Renzo amelivua koti lake akaifunika sofa, yeye analowa. Miaka saba baadaye Mtaliano akaondoka, sofa ikaja kwenye nyumba ya dereva. Bibi Bertha alikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Benedikto akakataa kuikalia. Alisema ni kitu cha thamani mno kwa suruali yake. Mwezi mzima mkewe anakaa juu, yeye anakaa sakafuni pembeni, anaipangusa vumbi, anaizungumzia, anaitazama.

"Nikamwambia, Benedikto, mimi sikuolewa na kiti," Bibi akasema. "Alicheka sana. Kisha akakaa. Hapo ulipokaa ni kwangu. Hapo kushoto ni kwake. Miaka arobaini na minane tulikaa hivyo kila jioni, mara nyingi hatusemi kitu. Ameondoka mwaka wa tisa huu, na upande wake sijaukalia."

Nikageuka kulitazama lile bonde la kushoto. Nilitaka kuikaza mikanda yake! Nilishapima kamba!

Nje watu wa kwaya walikuwa wanajaribu wimbo, wanaanza, wanakosea, wanaanza upya. Kisha akanipa simu yangu, niliyokuwa nimeiacha kwenye sahani ya mkate. Akasema, "Mpigie huyo mama. Leo." Nikasema ndiyo Mama.


Jumamosi, 19 Julai

Nimempigia leo. Siyo juzi. Juzi mtandao ulikuwa mbaya. Jana nilikuwa na kazi.

Aliitikia mlio wa kwanza. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini nikawa nimeyakalia.

"Asha," nikasema. Si Mama Hidaya. Sijui kwa nini. Miaka mingi sijamwita hivyo.

"Nipo."

"Nimepata mahali pa wewe kukaa."

Akasema, polepole kama anayemfundisha mtoto, "Baba Hidaya, viti tunavyo vitano. Vyote umeviwekea redio za watu. Nikikaa kitandani unaniambia nisiguse waya. Nilikaa miaka mitatu kwenye ndoo jikoni peke yangu, wewe uko sebuleni unaongea na televisheni mbovu. Sikuhitaji kiti. Wiki sita nakusubiri useme neno moja tu."

Neno gani? Nilitaka kuuliza. Nililijua. Lilikuwa hapa kooni, kubwa kama peasi.

Nikasema, "Kuna bibi mmoja Soni anataka kukuona."

Akavuta pumzi ndefu. Nikadhani amekata simu. Kumbe analia, au anacheka, simu za siku hizi hazitofautishi. Akasema atapanda basi Jumanne. Akasema anakuja kumwona huyo bibi, si mimi.

Anakuja!


Jumatano, 23 Julai

Amekuja jana. Nilimpokea stendi. Amenenepa kidogo, uso umepata jua la pwani. Tulisalimiana kama watu wa ofisi moja. Nikabeba begi. Njia nzima niliongea habari za umeme.

Leo tumekwenda Soni. Nilikuwa nimepanga tukae vipi, mkono wangu uwe wapi, nicheke saa ngapi. Haikusaidia. Bibi Bertha alimshika Asha mkono mlangoni, akampeleka moja kwa moja kwenye sofa, akamkalisha upande wa kushoto. Upande wa Benedikto! Na yeye akakaa kulia. Mimi nikapewa kigoda.

Wameongea saa tatu. Habari za uzazi, za waume, za kuhama. Bibi alisema hataki kwenda Moshi ila magoti yamemwamulia. Asha alimsuka nywele. Mara mbili walinitazama wakacheka na hawakunieleza. Asha alipochoka alikunja miguu chini yake, pale pale, juu ya ngozi ya Kitaliano, kama nilivyomwona siku ya kwanza. Nikatoka nje nikajifanya natazama mgomba.

Tulipoaga, Bibi alisema sofa ni ya Asha. Siyo yangu, alisisitiza. Ya Asha. Na sharti ni moja: isikae bila mtu.


Jumamosi, 26 Julai

Imefika! Imekuja juu ya lori la kabichi, imefungwa mablanketi. Eliaichi mwenyewe alisaidia kupakia. Bibi Bertha aliisindikiza mpaka barabarani. Aliweka kiganja upande wa kushoto, akakaa nacho hapo kidogo, kisha akasema twende, lori litachelewa soko. Anaondoka kesho baada ya ibada.

Haikuingia mlangoni. Nilipima sofa, nilipima sebule, sikupima mlango. Tulijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu. Nikaenda kuchukua msumeno, nikate mguu mmoja tu, ningeugundisha baadaye usijue. Nilirudi nikamkuta Asha amekaa kwenye sofa katikati ya baraza, amejikunja, ametulia. Akasema msumeno huo niurudishe. Akasema hapa hapa panatosha. Akapiga ngozi kwa kiganja, upande wa pili.

Nikakaa.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unafuta shamba la kabichi, kisha mti, kisha uzio. Tukabaki sisi tu na baraza. Bega lake lilikuwa na joto. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi na hatukusema kitu. Nilitaka kulisema lile neno hata kama amesharudi. Nikasema, "Asha, nilikuwa nahesabu siku." Akasema anajua, Zakia alimwambia.

Nimetoa redio kwenye viti vyote vitano. Nimeziweka kitandani kwa muda.


Jumatano, 30 Julai

Jambo kubwa! Naandika haraka.

Jana asubuhi Asha aliosha uso, akasema maji ya huku ni baridi sana, amezoea ya Tanga. Basi. Hakusema zaidi. Lakini mimi si mjinga, namjua mke wangu. Hivi ndivyo inavyoanza! Kwanza maji, kisha begi, kisha stendi. Sikulala.

Na leo, kama bahati, mteja mmoja kutoka Amani amenieleza habari ya beseni la kuogea. La chuma. La Kijerumani. Refu kama jeneza, lina miguu minne ya simba! Liko uani kwa mzee mmoja, mbuzi wanalinywea maji, hajui alichonacho. Ukiwasha moto chini yake mtu anaoga kama malkia. Nimemwona Asha ndani yake. Nimemwona wazi kabisa, mvuke umemzunguka, anacheka.

Mpango wa kumtoa mzee yule beseni upo tayari, unahusu ugonjwa wa kwato. Shida ni usafiri, Amani ni mbali na beseni ni zito. Kwa hiyo nimeongea na Kassimu. Atanipa pikapu yake siku mbili. Yeye anachotaka ni kitu kidogo tu: sofa ikae lojini kwake mwezi mmoja, kuna Wazungu wanakuja. Mwezi mmoja si kitu! Anaichukua kesho saa tatu, Asha akiwa shambani. Nitamwambia imekwenda kupigwa vanishi. Atakasirika siku mbili tatu, kisha ataliona beseni, na hapatakuwa na haja ya maneno.

Asha ananiita. Yuko barazani, amemimina chai, anasema nije nikae inapoa. Nimemwambia nakuja.

Vipimo vya mlango safari hii nimevichukua. Urefu, upana, vizingiti vyote viwili. Mtu hujifunza.

Ananiita tena. Mara ya tatu hii. Nakuja, nimesema! Namalizia kuchora miguu ya simba.